Tufe Lililotoka Jasho

Sauti ilimfikia kabla hajamaliza ngazi: mvumo mzito wa kitu kinachobingirika juu ya mbao, mrefu, ulionyooka, usiobadilika hata kidogo. Kisha kimya kifupi. Kisha tak, pini moja tu, kama mtu anayegonga mlango akijua hatafunguliwa. Baada yake likafuata tusi la mwanamke.

Marlys Dudek alikung'uta theluji kwenye viatu, akaingia. Ukumbi wa Jelinek, hapo mjini West Allis, ulikuwa na njia kumi na sita za bolingi, mchezo wa kubingirisha tufe zito kuangusha pini kumi, na saa saba mchana wa Ijumaa ile ni moja tu iliyowashwa taa. Mwanzoni mwa njia ya tisa alisimama Bernadine Stachowiak, dereva wa basi la shule, umri miaka sitini na moja, mikono kiunoni, akizitazama pini tisa zilizobaki wima kana kwamba zimemtukania mama.

"Wewe ndiye mpelelezi wa chama cha bolingi?"

"Ndimi. Marlys Dudek."

"Umechelewa siku sita."

"Nimeitwa jana, mama. Lirushe tena."

Bernadine alilichukua tufe lake, jekundu lenye mishipa myeusi, ratili kumi na tano. Alipiga hatua nne, akaliachia. Likaenda pembeni kuelekea mfereji wa kando ya njia, kama alivyotaka, na likaendelea kwenda pembeni, kama asivyotaka. Likatumbukia mferejini.

"Zamani lilifanya nini pale?"

"Lilipinda. Futi arobaini mbele, mafuta ya njia yanapoishia, lilikuwa linashtuka kama limeitwa jina, linarudi katikati na kuzifagia zote kumi. Sasa linakwenda tu. Mzoga."

"Limecheza michezo mingapi?"

"Kumi na nne. Naandika kila mmoja."

Marlys naye aliandika. Ganda la tufe la aina hiyo lina vitundu vidogo visivyoonekana. Ndivyo vinavyoshika mbao kavu, na ndivyo vinavyokunywa mafuta ya njia kidogo kidogo mpaka tufe linakufa. Lakini kifo hicho huja baada ya michezo sitini au sabini. Kumi na nne ni utoto.

"Jumanne ya wiki iliyopita lilipinda?"

"Niliangusha zote mara saba mfululizo."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi, nusu fainali ya kaunti, lilinyooka kama reli. Nimeingoja nusu fainali hiyo miaka ishirini na mbili, dada. Nikatolewa na mwanamke anayerusha kama anamwaga maji machafu."

"Kati ya siku hizo mbili lilikuwa wapi?"

"Kabatini, pale. Limefungwa. Funguo ninazo mimi, anazo Jelinek, anazo Otha." Alilitamka jina la mwisho kama mtu anayetema mbegu. "Na Otha ndiye mwenye mafuta. Humu ndani hakuna mwingine anayeyagusa. Miaka minane nimempelekea pai ya tufaha kila Krismasi. Miaka minane."

Nyuma ya kaunta, mwenye ukumbi, Walt Jelinek, alikuwa akipulizia dawa viatu vya kukodisha, jozi baada ya jozi. Hakuinua uso.

"Nimeshamwachisha kazi," alisema. "Jumatatu. Leo saa kumi na moja kamati ya chama inakaa kwenye baa hapo, kabla ya samaki wa kukaanga wa kila Ijumaa. Watapiga kura asikanyage ukumbi wowote wa kaunti hii maisha yake yote. Wewe andika ripoti yako fupi, sote tukale."

"Ushahidi ni upi?"

"Galoni moja ya mafuta imepotea stoo. Stoo ni ya Otha. Unataka nini tena?"

"Nataka ushahidi," Marlys alisema, na akapita kuelekea nyuma.

Otha Bridgeforth alikuwa ameketi nyuma ya mashine za kupangia pini, juu ya kreti lililopinduliwa, koti limefungwa vifungo vyote. Miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa njia: alizifagia, alizipaka mafuta, alizikwamua mashine. Leo aliruhusiwa kuingia kuchukua vyombo vyake tu. Kwenye mkanda wake kulikuwa na kishikizo cha funguo, kitupu.

"Kaa ukitaka," alisema. "Si kiti changu tena."

"Galoni moja imepotea, mzee."

"Mimi ndiye niliyesema imepotea. Jumatano, siku tatu kabla ya mashindano. Nilimwambia Jelinek uso kwa uso. Alikuandikia hilo?"

"Hapana."

"Basi andika wewe."

Aliandika. "Shada lako la funguo hukaa wapi usiku?"

"Kwenye msumari nyuma ya kaunta. Gordy wa duka la matufe hulichukua kila asubuhi kufungulia duka lake. Wahudumu wa baa hulichukua. Padri angekuja angelichukua. Lakini tufe likifa, anatafutwa Otha, maana Otha akiitwa mwizi hakuna anayeshangaa."

"Ulikuwa na ugomvi na Bernadine?"

"Juu ya nini? Ananiletea pai." Sauti yake ilipanda. "Nikitaka kuharibu mchezo wa mtu, binti yangu, mimi ndiye ninayeipaka njia. Naongeza mafuta kiasi cha kijiko, anakosa mpaka kiyama, na wewe unakuja na daftari lako huoni kitu. Nikafungue kabati lake kwa nini?"

Marlys alisimamisha kalamu. Mwenye mashine ya mafuta hahitaji kuiba mafuta. Alipiga mstari chini ya sentensi hiyo.

"Watu wanasema unayafufua matufe huku nyuma."

"Nayaosha. Ndoo, maji ya moto, sabuni ya vyombo, msasa kidogo. Tangu Septemba. Walikuwa wanaambiwa dukani, hili limekwisha, nunua jipya. Mimi nawaambia, lete nilitazame kwanza."

"Wangapi?"

"Sikuhesabu. Watu wa ligi ya Jumatatu wote. Wa Alhamisi, nusu."

Marlys alirudi njia ya tisa, akaja na tufe na mwenye tufe. Bernadine aliingia akisimama mbali na Otha kama anayeogopa kuambukizwa. Otha alilipokea tufe, akalizungusha, akalinusa.

"Limefutwa kwa dawa. Juu safi, ndani limelewa chakari."

"Litarudi?"

"Likitapika, litarudi."

"Basi litapishe. Mbele yangu na mbele yake."

"Hapo umekosea, dada." Mlangoni alikuwa amesimama mwanamume mpana, aproni yake imejaa vumbi jekundu la kutobolea. "Unampa mshtakiwa ushahidi auoshe?"

"Nimempa ndoo. Wewe ni nani?"

"Gordy Kessel, mwenye duka. Nusu ya matufe ya kaunti hii matundu yake nimetoboa mimi, na hilo mojawapo. Kamati imeniita jioni niwe mtaalamu wao."

"Vizuri. Simama hapa, mtaalamu, utazame."

Gordy aliitazama ndoo. "Nina wateja," alisema, akaondoka.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Marlys aliandika saa.

Otha alichanganya maji ya birika na ya bomba, akatumbukiza kipimajoto, akaongeza, akapunguza. "Yakizidi, ganda linapasuka," alisema bila kumwelekea mtu. Aliliketisha tufe juu ya duara la mpira ndani ya ndoo, matundu ya vidole yakiwa juu, akajaza maji mpaka karibu na matundu bila kuyafikia. Sehemu ya juu akaifunika kwa taulo lililochovywa maji yale yale.

"Huyafungi matundu?" Marlys aliuliza.

"Kwa nini niyafunge? Yako juu. Tepu inaacha gundi, na gundi inaacha matusi."

Walingoja dakika ishirini. Bernadine aliitumia dakika ya kwanza kueleza jinsi nusu fainali ilivyoharibika, na zile kumi na tisa kuikodolea macho ndoo. Otha alilitoa tufe, akalikausha haraka, akaliweka juu ya kreti chini ya taa. Wote watatu wakainama.

Vitone vilianza kutokea kwenye ganda, vidogo kama ncha ya sindano, vikakua, vikashikana. Tufe lilikuwa linatoka jasho la mafuta.

"Kawaida," Otha alisema, "yanatoka kwa pete. Tufe linagusa njia kwenye mzunguko wake tu, hapa na hapa, kama kamba zimelizunguka. Ubavuni haligusi kamwe. Kwa hiyo mafuta hutoka kwenye pe..."

Vitone vilikuwa kila mahali. Juu, chini, ubavuni, juu ya jina BERNIE lililochongwa mahali ambapo hakuna njia duniani ingeweza kulifikia.

"Hili halikunywa," alisema Otha polepole. "Hili limezamishwa. Mtu kalizamisha ndani ya ndoo ya mafuta, akalifunika, akaliacha siku mbili tatu. Kama kumzamisha paka."

"Si kila mahali," Marlys alisema. Alikuwa ameinama zaidi ya wote, tochi mkononi. "Hapa pakavu."

Kuzunguka matundu mawili ya vidole palikuwa na msalaba mkavu, mikanda miwili imekatizana. Juu ya tundu la gumba, mkanda mmoja wa tatu. Mipaka ilinyooka kama imekatwa kwa wembe, na katika kila mkanda kona moja ilikuwa imepunguka: badala ya pembe kulikuwa na mkato wa mshazari, na hapo jasho lilikuwa limeingia. Marlys alipiga picha tano. Alitoa rula: mkanda ulikuwa na upana wa inchi mbili. Halafu akaufunika msalaba kwa karatasi laini ya kufungia sandwichi, akaufuatisha kwa kalamu, pamoja na zile kona zilizopunguka.

"Tepu," Bernadine alisema. Alimtazama Otha, kisha ndoo yake isiyo na tepu, kisha sakafu.

"Mtu anayetaka kuua tufe tu, analitumbukiza," Marlys alisema. "Hajali matundu. Anayeyafunga ni yule ambaye mikono yake haijapata kuzamisha tufe bila kuyafunga. Malizia kazi yako, mzee. Nataka kuona likipinda."

Otha aliliosha mara tatu zaidi, na mara ya nne maji yalitoka bila utando. Alilipitisha msasa mkavu pande zote nne mpaka likapoteza mng'aro. Bernadine alilibeba bila kusema neno. Kutoka nyuma ya mashine walisikia hatua nne, mvumo, na safari hii mvumo ulibadilika katikati ya safari, ukazama, ukageuka. Pini kumi zilianguka kwa sauti moja mbele ya uso wa Otha.

Hakutabasamu. Aliimwaga ndoo.

Saa tisa na nusu Marlys aliingia duka la Gordy Kessel, humo humo ukumbini, akiwa na tufe la zamani la Bernadine, la buluu. Bernadine mwenyewe alimfuata, akasimama karibu na mlango.

"Kamati itataka kulinganisha," Marlys alisema. "Otha ameosha moja. Nataka kuona mtaalamu anavyoosha."

Gordy alicheka. "Sasa unazungumza, mrembo. Ile ya Otha ni njia ya kuoshea nguruwe. Njoo uone beseni la kazi."

Beseni lilikuwa la chuma, lenye kipimajoto cha umeme, na kina cha kulizamisha tufe zima. Gordy aliwasha, akalipangusa tufe, na huku akiendelea kueleza jinsi watu wa siku hizi wasivyothamini ufundi, mkono wake uliifuata tepu ya kijivu ukutani bila macho kuhitajika. Alirarua kipande, akakiweka juu ya matundu ya vidole. Akararua cha pili, akakikatiza juu ya cha kwanza. Akararua cha tatu, akakilaza juu ya gumba. Kila kipande, kabla ya kukibandika, alikikunja kona moja kwa ndani, kidogo, kama sikio la mbwa.

"Kona unakunja ya nini?"

"Ili nipate pa kuvutia baadaye. Miaka ishirini na saba nafanya hivyo. Ukucha wangu ungekwisha."

Marlys alitoa ile karatasi laini kwenye daftari, akailaza juu ya tufe la buluu. Msalaba ulikaa juu ya msalaba. Kona zilizokunjwa zilikaa juu ya kona zilizokunjwa, zote tatu.

Beseni lilikuwa likinguruma. Gordy alilizima.

"Nini hiyo?"

"Hilo ni tufe la Bernadine lilipotoka jasho saa mbili zilizopita. Mafuta yamelijaa lote isipokuwa hapa."

"Nusu ya mji ina tepu hii."

"Nusu ya mji haikunji kona. Otha hafungi kabisa, nimemwona kwa macho yangu. Ulichukua funguo kwenye msumari, kama unavyozichukua kila asubuhi. Ulitoa galoni stoo Jumatano, ukatoa tufe kabatini, ukalizamisha humu dukani mpaka Ijumaa, ukalifuta kwa dawa, ukalirudisha. Umepanga vizuri kila kitu, Kessel. Ila matundu uliyatoboa wewe, na mkono wako haukukubali kuyachafua."

"Thibitisha kwamba..."

"Yako mafuta chini ya hilo beseni, kwenye valvu, au hayako? Nikifungua sasa hivi nitakuta nini?"

Gordy alimgeukia Bernadine, uso mwekundu hadi masikioni.

"Ndoo," alisema. "Mnanipita mimi, mnakwenda nyuma kwa mfagiaji mwenye ndoo. Nimepima mikono yenu, kila kidole, kila kiungo. Wewe baridi yabisi ilipokukamata nani alikutobolea upya bila wewe kuomba? Halafu Septemba mnaanza, Otha kalifufua, Otha kalifufua. Siku tatu mfululizo hakuingia mtu hapa hata kuuliza saa. Nilitaka aondoke tu. Mchezo wako haukuwa na maana kwangu."

"Haukuwa na maana," Bernadine alirudia.

"Ungeshiriki tena mwakani."

Bernadine alipiga hatua moja mbele, na Marlys akauweka mkono wake mbele ya kifua cha Bernadine kama kizuizi cha njia ya reli. "Mama. Ameshasema yote yanayonitosha. Usimpe cha kusimulia."

Alilifunga beseni kwa utepe wa chama, akatia sahihi, akamwita Jelinek aje ashuhudie. Jelinek alikuja na kiatu kimoja mkononi. Alitazama karatasi, alitazama tufe la buluu, alimtazama Gordy ambaye sasa alikuwa amekaa kwenye stuli yake na kutazama ukuta.

"Sawa," Jelinek alisema walipotoka nje ya duka. "Kamati itamsafisha Otha. Mimi mwenyewe nitapiga kura. Kura ya kufungiwa haipo tena."

"Na kazi yake?" Marlys aliuliza.

"Kazi ni jambo lingine. Kuna kijana nimeshamwambia aanze Jumatatu. Na tuseme ukweli, mambo yamechafuka. Otha ana miaka sitini na sita. Atapumzika, tutamfanyia kijisherehe, keki. Amani kwa wote."

"Ulimfukuza kwa sababu ya mafuta. Aliyeiba mafuta si yeye."

"Wewe ni wa chama, dada. Chama hakiajiri mafundi wangu."

Hilo lilikuwa kweli, na Marlys hakuwa na karatasi yoyote mfukoni ya kulipinga. Alifunga daftari kwa kishindo kilichomfanya Jelinek arudi nyuma hatua moja.

Otha alikuwa amefika karibu na kaunta, sanduku la vyombo vyake mkononi. Alikuwa amesikia. Alilibadilisha sanduku mkono, akaanza kuelekea ngazi.

"Otha," Bernadine alisema.

"Usinipe pai, Bernadine."

"Sina pai."

"Gordy simshangai. Gordy ni Gordy." Otha alisimama, mgongo umewaelekea. "Lakini nyinyi mlihitaji dakika ngapi kuamini? Nimehesabu. Jumamosi, kutoka tufe lako kutumbukia mpaka mimi kuitwa mwizi, dakika nne. Nani alisema kwanza?"

Jelinek alianza kupulizia dawa kiatu ambacho kilikuwa kimeshapuliziwa.

"Mimi," Bernadine alisema. "Mimi ndiye niliyesema kwanza. Na nilisema kwa sauti."

Alivua viatu vyake vya kuchezea, hapo hapo, mguu mmoja kisha mwingine, akaviweka juu ya kaunta mbele ya Jelinek. Alibaki na soksi juu ya vigae baridi. Kupitia mlango wa baa wajumbe wa kwanza wa kamati walikuwa wameanza kuingia wakivua kofia, na wakasimama walipomwona. Hakupunguza sauti, aliipandisha.

"Kesho asubuhi ni ligi yetu. Timu kumi na mbili, wanawake arobaini na wanane, na namba ya simu ya kila mmoja ninayo. Nisikilize, Otha Bridgeforth, na hawa wote wasikie. Hakuna hata mmoja wetu atakayevaa kiatu ndani ya nyumba hii, kesho wala wiki ijayo wala mwaka ujao, mpaka Walt Jelinek aje mlangoni kwako kwa miguu yake na akuwekee funguo zako mkononi. Nakuahidi."